Stesheni ya Sigi: reli iliyojengewa mzigo mmoja

Mazungumzo ya reli hapa Tanga yana wimbo mmoja: tulikuwa nayo, wakaiua, irudishwe. Nani aliiua? Hapo jibu hutegemea umri wa msemaji. Waliofanya kazi enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki watakwambia mambo yaliharibika jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Rika la kati litataja wenye malori. Vijana hawana muda wa historia, watasema ni mafisadi na mada imefungwa. Kila kundi lina ukweli wake. Lakini ndani ya mkoa huuhuu ipo stesheni iliyokufa kabla jumuiya haijavunjika, kabla ya Fuso na Scania, kabla hata ya uhuru, na nadhani ina cha kutuambia kuliko makundi yote matatu. Ni stesheni ya Sigi.

Wengi wamepita hapo bila kujua wamepita stesheni. Ukitoka Muheza kupanda Amani, baada ya kilomita kama 25 za barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, au ya tope kutegemea umekwenda mwezi gani, unafika kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Ndiyo Sigi, wengine huandika Zigi, kama mto wenyewe, ule unaojaza bwawa la Mabayani na kuleta maji kwenye mabomba ya Tanga mjini. Hapo gari husimama. Mgeni anashuka, anaandika jina kwenye daftari, analipa kiingilio, anauliza choo kiko wapi, anaambiwa habari za vyura na vinyonga wa Usambara, kisha anarudi garini kumalizia kilomita zilizobaki za kupanda. Nyumba aliyokuwa amesimama mbele yake ilikuwa ya stesheni masta wakati wa Wajerumani. Ilikarabatiwa ikafanywa kituo cha taarifa kwa wageni. Treni haipo, reli haipo, na mtu aliyezaliwa mwaka wa uhuru hakuikuta.

Reli hiyo ilianzia Tengeni, karibu na Muheza, ikiachana na reli kubwa iliyotoka Tanga, ikapanda kilomita 23 na kitu hadi chini ya milima ya Amani. Ilijengwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na kampuni binafsi ya Kijerumani iliyoitwa Sigi-Export-Gesellschaft, na kazi yake ilikuwa moja: kushusha mbao. Usambara Mashariki ilikuwa na mivule na miti mingine migumu ambayo Ulaya iliitaka, na kati ya mti na meli palikuwa na mteremko, mito na mabega ya wapagazi. Mpagazi anabeba pembe, anabeba kahawa, anabeba hata bwana mkubwa kwenye machela. Gogo la mvule halibebeki hivyo. Bila reli, msitu ule haukuwa na thamani yoyote kwenye vitabu vya kampuni.

Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 ikiwa na bustani yake ya mimea na maabara, nayo ilinufaika kwa kuwa na stesheni chini ya kilima chake. Ndiyo maana hadithi za Amani zinazosimuliwa leo huifanya Sigi ionekane kama stesheni ya wataalamu na wageni. Sidhani hivyo. Mbegu, vitabu na chupa za maabara hazijazi behewa. Taasisi ilikuwa abiria mzuri wa reli iliyolipiwa na mbao.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Reli kubwa ya Tanga ilikuwa, na bado ni, ya upana wa mita moja. Ile ya Sigi ilikuwa ya sentimita 75. Mhandisi aliyechagua hivyo hakuwa mjinga. Reli nyembamba inakata kona kali ambazo reli pana haiziwezi. Inahitaji kuchimba mlima kidogo, madaraja mepesi, mataruma mafupi na vichwa vidogo vya treni. Kwa kampuni inayotaka kufika kwenye miti kwa fedha kidogo, hesabu inakubali. Tatizo la hesabu hiyo halikuwa Sigi. Lilikuwa Tengeni.

Behewa la Sigi haliwezi kuingia kwenye reli ya Tanga. Kwa hiyo kila gogo na kila ubao uliofika Tengeni ulishushwa kwenye behewa dogo ukapakiwa kwenye behewa kubwa. Na safari ilikuwa haijaisha. Bandari ya Tanga kwa miaka mingi ilikuwa bandari ya matishari: meli inatia nanga nje, mzigo unapelekwa kwa tishari, kisha unapandishwa melini kwa winchi. Tuhesabu mikono. Mara ya kwanza mzigo unainuliwa Sigi. Mara ya pili Tengeni. Mara ya tatu gatini Tanga, kutoka behewani kuingia kwenye tishari. Mara ya nne kutoka kwenye tishari kuingia melini. Mara nne kwa safari ambayo leo unaimaliza kwa gari dogo kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Aliyewahi kusafirisha chochote, hata magunia kumi ya mahindi, anajua kwamba kupakia na kushusha hakujali umbali. Makuli wa Tengeni walitaka malipo yaleyale iwe gogo limetoka kilomita 20 au kilomita 300. Kwenye safari ndefu gharama hiyo inasambaa mpaka huioni. Kwenye safari fupi kama ya Sigi inakula faida yote ya kuwa na reli. Maana yake reli ya Sigi ingeweza kuishi tu pale ambapo hakuna njia nyingine yoyote ya kufika Tanga. Siku ikipatikana njia ya kutoka msituni moja kwa moja hadi mjini bila kugusa mzigo katikati, hata kama njia hiyo ni ghali kwa kila kilomita, Sigi imekwisha. Njia hiyo ilikuja na magurudumu ya mpira.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa kimiliki. Mwenye reli ndiye alikuwa mwenye haki ya msitu, ndiye alikuwa muuza mbao. Kuna uzuri wake: hakuna kubembelezana, hakuna vikao. Lakini reli ya namna hiyo haina sababu ya kutafuta mteja mwingine, maana mteja ni yeye mwenyewe. Bei ya mbao ikianguka, mteja na mwenye reli wanafilisika siku moja.

Linganisha na reli kubwa, ambayo mwanzo wake ulikuwa mbaya kuliko wa Sigi. Kampuni yake iliundwa mwaka 1891, ujenzi ukaanza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896. Kilomita 40 kwa miaka mitatu, kisha fedha zikakata. Treni ikawa inakwenda Muheza na kurudi, Muheza na kurudi, mpaka mwaka 1899 serikali ya kikoloni ilipolazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ukiwa mtu wa Muheza wa mwaka 1898 ungeapa kwamba reli hiyo haina maisha.

Na sababu ya kukwama ilikuwa ileile ya mzigo mmoja. Reli ya Tanga ilianzishwa kwa ndoto ya kahawa ya Usambara. Walowezi waliona msitu mnene, mvua za kutosha, milima yenye ubaridi, wakaamini chini yake kuna udongo wa dhahabu. Wakafyeka, wakapanda. Udongo wa Usambara Mashariki ukawaonyesha kwamba utajiri wake uko kwenye majani yanayooza juu, siyo chini. Ukiufyeka msitu, umebaki na ardhi nyekundu yenye tindikali. Kahawa ikadhoofika shambani huku bei yake duniani ikiporomoka. Kama hadithi ingeishia hapo, Muheza nayo leo ingekuwa na nyumba moja ya stesheni masta na daftari la wageni.

Kilichoiokoa hakikutoka mlimani. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai na kupandwa Kikokwe, Pangani, vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 ukaenea mkonge wa nchi nzima, na ukaenea hasa kwenye nyanda za chini ambazo mwenye ndoto ya kahawa alikuwa anazipita tu dirishani. Ngomeni, Muheza, Korogwe, kote huko reli ilikuwa imeshapita. Mkonge nao ni zao linalopenda reli kwa maumbile yake. Jani zima ni zito na karibu lote ni takataka, kwa hiyo lazima lifikishwe haraka kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye jani, na mashamba yakalaza vijireli vyao vya kusukuma toroli kutoka kwenye mistari ya mkonge. Singa, yaani nyuzi hizo, zikishakaushwa na kufungwa marobota, ni mzigo mkavu, usiooza, unaopangika vizuri behewani, na unapatikana mwaka mzima. Muulize mtu wa reli mzigo anaouota usiku. Atakutajia sifa hizo.

Kwa hiyo reli ya Tanga ilijengewa kahawa, ikaokolewa na mkonge. Reli ya Sigi ilijengewa mbao, na mwokozi wake hakufika kwa wakati. Chai ya Kwamkoro na Bulwa ilikuja kushika kasi baadaye. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga za wakulima wa vijiji vya Amani zilikuja baadaye pia, na hata zingewahi, ni mzigo wa gunia moja moja unaotaka gari la kusimama kila penye mkulima.

Kuna wanaoamini kwamba aliyeimaliza Sigi ni Vita Kuu ya Kwanza. Kweli, vita vilipita juu ya reli zote za huku. Novemba 1914, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, waliletwa kwa treni kutoka Moshi hadi Tanga kuja kuwazuia Waingereza na jeshi lao la Wahindi waliokuwa wameshuka Ras Kasone. Mwaka 1916 Waingereza waliposhuka na bonde la Pangani, Wajerumani walirudi nyuma wakiharibu madaraja, na kutoka Mombo kwenda Handeni mizigo yao ilipita kwenye kijireli cha toroli zilizosukumwa kwa mikono ya watu. Ni watu wetu hao, na nguvu zao hazimo kwenye hesabu ya yeyote aliyeandika habari za vita hivyo kwa fahari. Baada ya vita mali za Wajerumani zilitwaliwa kama mali za adui na kuuzwa. Kampuni ya Sigi iliingia vitani ikiwa na reli, haikutoka nayo.

Lakini hoja ya vita inashindwa kueleza jambo moja. Reli kubwa nayo ilipigwa, tena vibaya zaidi, na bado ikafufuka. Ilipofufuka, marobota ya mkonge yalikuwa yanaingoja. Hata iliponyang'anywa kahawa ya Kilimanjaro, baada ya Waingereza kuifungua njia ya kutoka Voi, Kenya, hadi Kahe, karibu na Moshi, mwaka 1924 na mzigo wa Moshi kuanza kuteremkia Mombasa, bado mkonge uliibeba. Vita huvunja madaraja. Havielezi kwa nini daraja moja hujengwa upya na jingine huachwa kuota magugu.

Ajabu ni kwamba mbao zenyewe hazikuisha. Ziliendelea kushuka kutoka Usambara Mashariki kwa malori kwa miongo mingi, mpaka baada ya uhuru, mpaka kelele za watu wa mazingira zilipozidi na uvunaji wa kibiashara ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hifadhi ya Amani ikatangazwa mwaka 1997. Yaani mzigo wa Sigi uliishi muda mrefu kuliko stesheni ya Sigi. Jambo hilo linanitosha kuamini kwamba reli ile haikufa kwa kukosa mzigo wala kwa vita peke yake. Ilikufa kwa sababu palikuwa na njia ya kupeleka mzigo uleule bila kupitia Tengeni.

Baada ya magogo kukatazwa, vijiji vya jirani vilipata biashara ambayo stesheni masta wetu angecheka: kufuga vipepeo na kuuza pupa zake Ulaya na Marekani. Mzigo wa kijiji kizima unaingia kwenye boksi. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na wafugaji wakabaki na vipepeo wao. Mzigo mmoja tena, mteja wa aina moja tena.

Heri ile nyumba ya stesheni. Imesimama kwa sababu ilipata kazi ya pili.

Nayasema haya yote kwa sababu ya leo. Mwaka 2019 reli ya Tanga ilifufuliwa, kwanza kwa treni ya mizigo, na saruji ya Tanga ikapanda Moshi. Desemba mwaka huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini tazama ramani. Treni ya Dar kwenda Arusha inatumia njia ya kuunganisha iliyofunguliwa mwaka 1963, inayotoka Ruvu na kuishika reli ya Tanga upande wa Mnyusi, halafu inaelekea Korogwe. Muheza haimo. Tanga mjini haimo. Kipande kilichojengwa kwanza, kile cha mwaka 1893 hadi 1896, kipande kilichobeba kahawa iliyofeli na mkonge uliotajirisha, hakipo kwenye safari ya abiria wa Arusha. Kimebaki kipande cha mizigo, na mizigo yenyewe nataka kuisikia ikitajwa kwa majina, zaidi ya saruji.

Mkonge wenyewe hauwezi kutajwa kwa sauti ileile ya zamani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha nyuzi za viwandani zikaja, mashamba yakataifishwa, mengine yakalala porini, uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo sana ya ule. Sasa unapanda tena, na ni habari njema. Lakini hauwezi peke yake kuibeba reli kama ulivyoibeba zamani.

Halafu kuna mpango mkubwa: reli ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Reli hiyo, kama ile inayokwenda Dodoma, ni ya upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani ni ya milimita 1,000. Mwanasiasa akisimama jukwaani Tanga huzungumzia kasi, saa ngapi mtu atafika Arusha, na watu hupiga makofi. Sijasikia bado mtu akipigiwa makofi kwa kusema mzigo utahama wapi kutoka reli ya zamani kwenda mpya, kwa krini gani, kwa malipo ya nani. Mahali hapo, popote patakapokuwa, ndipo Tengeni yetu mpya. Inawezekana pakawa pazuri: krini za makontena hufanya kwa dakika kazi ambayo makuli waliifanya kutwa, na kontena halifunguliwi. Lakini robota, gunia na tenga haviko kwenye kontena, na mkoa huu bado unazalisha zaidi vitu vya robota, gunia na tenga.

Bandari kwa upande wake imeshapiga hatua ambayo Sigi haikuipata. Gati limejengwa upya na kina kimeongezwa, meli inafunga gatini, na ile hatua ya tishari imeondoka kwenye hesabu. Kwa hesabu yangu ya mikono minne, mmoja umepungua. Wanaopanga reli wangeanza hapo, kwenye kupunguza mikono, kabla ya kuchora majengo ya vioo.

Msimu wa machungwa nenda Muheza uone wanavyopakia. Fuso inaingia hadi shambani, inarudi kinyumenyume chini ya michungwa, vijana wanamimina matenga, mmoja juu anapanga kwa miguu mitupu ili asiyaponde, turubai linafungwa, dereva anaondoka jioni. Yanaguswa tena sokoni, Dar au Kenya. Tajiri wa mzigo huo hana ugomvi na reli. Hata nauli ya reli ikiwa nusu atakuuliza jambo moja tu kabla hajakuitikia: kutoka shambani kwangu mpaka stesheni, kutoka stesheni mpaka behewani, na kule mwisho kutoka behewani mpaka sokoni, machungwa yangu yatashikwa mara ngapi?